Funza mguuni, panya darini: namna ya kuwatoa na kuwazuia wasirudi

Kila kaskazi ikishika na ardhi ikikauka, simu yangu hujaa picha za miguu. Kidole gumba cha mtoto wa Likoni, kisigino cha nyanya wa Junda, unyayo wa kijana anayesukuma mkokoteni Kongowea. Maswali nayo ni yaleyale. "Huyu ni funza au ni mwiba?" "Nimpake mafuta ya taa?" "Mbona niliwatoa mwezi uliopita na wamerudi?" Nimejibu mmoja mmoja kwa muda mrefu. Sasa nayaweka yote mahali pamoja, ili usiku ukiwa umeshika tochi na mtoto analia, uwe na pa kuanzia.

Swali la tatu ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu na mimi nilikosea hapo. Nyumba moja ya makuti upande wa Kisauni niliwatoa watoto watatu funza kumi na tisa asubuhi moja. Nikawaosha, nikawapaka dawa, nikaondoka nimeridhika. Sakafu ilikuwa mchanga mtupu, mkeka umetandikwa juu yake, na darini panya wakikimbizana mchana kweupe. Sikuigusa sakafu wala sikuuliza habari za panya. Wiki ya nne mama yao akanipigia: wamejaa tena. Funza unayemwona mguuni ni mmoja. Watoto wake wako mchangani, na ndugu zake wako kwenye nyayo za panya, paka na mbwa wa hapo nyumbani. Mguu na sakafu hutibiwa kwa pamoja.

Mjue kwanza

Funza ni kiroboto, mdogo kuliko viroboto wote, kama milimita 1 tu. Jike hujichimbia ngozini kichwa kwanza na kuacha nje ncha ya mkia. Kwa kitundu kilicho hapo mkiani anapumua, anakunya na kutaga. Tumbo lake hufura mpaka likawa kama punje ya njegere. Hutaga mayai zaidi ya 100, kisha hufia humohumo ndani ya wiki nne mpaka sita. Mayai hayaanguliwi mwilini. Huanguka chini, na siku ya tatu au ya nne hutoka buu anayeishi kwenye mchanga mkavu, sentimita chache tu chini ya uso. Baada ya wiki tatu au nne tangu yai lianguke, kiroboto mpya yuko tayari kutafuta mguu.

Watu wengine bado husema ni laana, au ni ulozi wa jirani. Si kweli, na maneno hayo yamewafanya watoto wafichwe ndani badala ya kupelekwa zahanati. Funza hakuwa wa bara letu kabisa. Meli iliyotoka Brazil ilimshusha Angola mwaka 1872 ndani ya mchanga wa farumi, ule unaopakiwa ngamani kuipa meli uzito. Kabla karne ile haijaisha, alikuwa amelivuka bara na kufika Afrika Mashariki.

Mguuni utamwona hivi. Siku ya kwanza na ya pili ni doa jekundu linalowasha, na katikati kuna kidoti cheusi kama ncha ya kalamu. Kuanzia siku ya tatu hivi panakuwa na duara jeupe mithili ya lulu ndogo, kidoti cheusi kati, na mtu akikanyaga anachechemea. Mulika tochi uangalie bila kugusa kwa dakika mbili nzima. Kidoti kikipwitapwita, au kikitoa tone la maji, au uzi wa kahawia, au ukiona mayai meupe kama chenga za chumvi yamenata pembeni, huyo yuko hai. Akishakufa, uvimbe hushuka na hubaki gamba jeusi lililokauka. Huyo usimchimbe. Mwili utamtupa wenyewe.

Mwiba hauna duara jeupe. Sugu haina kidoti. Panapochanganya ni pembeni mwa kucha, maana hapo ngozi ni nene na funza hujificha. Ndipo pia wanapopenda zaidi kukaa. Usiangalie nyayo peke yake. Kwa mtoto anayetambaa au kukaa chini mchangani, tazama na viganja, viwiko na makalio.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Usianze kazi ukakatiza kwenda dukani. Weka tayari beseni, maji ya vuguvugu, sabuni ya kipande, taulo safi, tochi ya simu, kalamu ya wino, spiriti, pamba, glavu na karatasi nyeupe au gazeti la kutandika chini ya mguu. Ongeza mafuta ya dimetikoni, yale mepesi yanayouzwa kwenye maduka ya dawa kwa ajili ya chawa. Ikiwa utalazimika kumtoa funza, unahitaji sindano mpya ya hospitali iliyofungwa kwenye karatasi yake, moja kwa kila mtu. Kwa sakafu: ndoo, fagio la chelewa, na dawa ya kupulizia viroboto iliyoruhusiwa kutumika ndani ya nyumba. Kwa panya: mitego miwili mitatu ya mbao ya kufyatuka, na mifuko ya plastiki.

Pini ya nguo na mwiba wa mlimau viache. Najua ndivyo tulivyolelewa, bibi ameketi barazani na mwiba mkononi, watoto wamepanga foleni. Lakini mwiba ule ukitoka mguu wa kwanza ukaingia wa pili, unaweza kubeba virusi vya homa ya ini, hata Virusi Vya Ukimwi, na mchanga ulionata hubeba vijidudu vya pepopunda.

Hatua kwa hatua

1. Osha na loweka. Mkalishe mgonjwa penye mwanga, barazani ni pazuri, na utandike karatasi nyeupe chini ya miguu. Loweka miguu kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kwa dakika kumi. Sugua taratibu kwa kitambaa, hasa kati ya vidole. Usitumie jiwe la kusugulia kwenye uvimbe. Ukimpasua funza ndani, mayai na uchafu wake hubaki kwenye kidonda. Maji hayo usiyamwage uani. Yana mayai. Yamwage chooni.

2. Hesabu. Zungushia kila funza duara la kalamu, uandike idadi ya walio hai na waliokufa. Watu hupenda kuruka hatua hii, lakini bila hesabu, siku ya saba hutajua kama dawa ilifanya kazi au kama hao ni wapya.

3. Amua ni kazi ya nyumbani au ya zahanati. Nenda zahanati bila kujaribu chochote ikiwa mgonjwa ana sukari, ikiwa mguu una usaha au harufu, umevimba na kuwa moto, ana homa, au funza ni wengi hata huwezi kuwahesabu. Mtoto mchanga na mama mjamzito nao waanzie huko. Ikiwa mgonjwa hakumbuki lini alichomwa sindano ya pepopunda, aiulizie siku hiyohiyo. Funza amefungua mlango kwenye ngozi, na mlango huo unagusa mchanga kutwa.

4. Paka dimetikoni kama umeipata. Kausha mguu kabisa. Tonesha matone mawili matatu juu ya kila kidoti cheusi, uache yaingie. Rudia mpaka zifike mara tatu ndani ya dakika kumi. Mafuta haya hayana sumu ya kuua wadudu. Yanatambaa na kuziba kitundu anachopumulia. Kwenye jaribio lililofanywa vijijini hapa Kenya na kuchapishwa 2014, baada ya siku saba funza 78 katika kila 100 waliopakwa dimetikoni walikuwa wamekufa, na kwa dawa ya zambarau (hatua ya 5) walikufa 39 tu. Ndiyo maana mimi huiweka ya kwanza, na kwa watoto sina cha kuilinganisha nayo, maana haiumi. Onyo: baadhi ya dimetikoni hushika moto. Mgonjwa asikaribie jiko, mshumaa wala sigara mpaka mafuta yakauke.

5. Kama haipo, tumia dawa ya zambarau kwa kipimo. Hii ni potasiamu pamanganeti, punje nyeusi zinazogeuza maji yakawa zambarau. Kipimo ni gramu 2.5 katika lita 5 za maji, miguu ikae humo dakika kumi mpaka kumi na tano, kina kisizidi kifundo. Mwambie muuza dawa akupimie gramu hizo kwenye mzani. Usikisie kwa kijiko. Koroga mpaka usione punje hata moja, kwa sababu punje ikigusa ngozi huichoma kabisa. Nimeona unyayo wa mvulana wa miaka minane wenye mashimo manne meusi, na hakuna hata moja lililochimbwa na funza. Zilikuwa punje ambazo hazikuyeyuka. Baada ya kuloweka, kausha na upake mafuta ya kujipaka ya mgando.

6. Kutoa kwa sindano, ikiwa ni mmoja au wawili tu na huna dawa. Osha mikono, vaa glavu, pangusa uvimbe kwa spiriti. Panua ngozi iliyo kandokando ya kidoti kwa ncha ya sindano, ukizunguka polepole kama anayemenya kitovu cha chungwa, mpaka uone mpira mweupe umelegea pande zote. Hapo ndipo unamnyanyua mzima mzima. Usibinye kwa kucha. Akipasuka, usiendelee kuchimba. Suuza kwa maji safi mengi, weka dawa ya kuua viini, funika na uende zahanati ukasafishwe. Aliyetoka mzima mtie motoni, maana ukimtupa uani mayai yake bado yataanguliwa. Sindano iwekwe kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, mbali na watoto, uirudishe zahanati.

7. Funika na linda. Kidonda kisafishwe kila siku kwa maji na sabuni, kifungwe kwa bendeji safi, mguu uvae soksi na kiatu. Champali ni bora kuliko peku, ila haizibi vidole. Funza hupanda pembeni bila shida. Kwa kuwasha na kupasuka kwa ngozi, mafuta ya nazi yaliyochanganywa na ya mwarobaini husaidia kupunguza maumivu. Usiyategemee kuua funza.

8. Shughulikia sakafu siku hiyohiyo. Toa mikeka, magodoro na nguo zote nje juani. Nyunyiza maji sakafuni kwanza ndipo ufagie, la sivyo unarusha mayai hewani na kuyatawanya chumba kizima. Fagia mpaka chini ya kitanda na pembeni mwa kuta, kwa sababu pale katikati panapokanyagwa kila mara buu haishi sana. Anaishi kona kavu isiyoguswa. Taka choma. Halafu pulizia dawa, ukifuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, watoto na kuku wakiwa nje mpaka pakauke. Sakafu ya udongo iloweshwe maji kila siku kwa wiki mbili, kwani buu wa funza anapenda mchanga mkavu. Ndiyo sababu masika hupumzika na kaskazi hutusumbua.

9. Mfukuze panya. Katika mitaa ya mabanda ya Fortaleza, Brazil, watafiti walikamata panya wakakuta karibu wanne katika kila kumi wana funza, tena miguuni kama sisi. Panya haombi ruhusa kwenda kwa jirani. Analala dari hii, anakula jikoni kule, anapita sakafuni pa watu watatu kabla ya alfajiri, na mayai yanadondoka njia nzima. Kwa hiyo anza na chakula: unga na mchele kwenye ndoo zenye vifuniko, makombo yasilale, vifuu vya nazi visirundikwe nyuma ya nyumba. Ziba mashimo ya ukutani kwa mawe na saruji, na kata matawi yanayogusa makuti. Kisha tega. Chambo kinachonifaa ni kipande cha nazi kilichochomwa au ng'onda, kifungwe kwa uzi asiweze kukinyakua. Mtego ukae ukutani, kwa sababu panya hutembea akigusa ukuta kwa masharubu.

Panya aliyekufa usimshike kwa mkono. Viroboto humkimbia anapopoa na kutafuta damu nyingine. Geuza mfuko wa plastiki kama glavu, mshike, pindua mfuko umfunike, funga, uzike mbali na uwanja wa watoto. Na tafadhali, sumu isiyo na jina inayouzwa kwa vijipakiti barabarani usiiingize nyumbani. Watoto huiokota. Isitoshe, panya aliyekula sumu hufia darini usipomfikia, na viroboto wake wanashuka.

10. Wakague wanyama. Mbwa, paka, mbuzi, hata nguruwe kwa wanaofuga. Tazama kati ya vidole na kwenye vitanga vya nyayo. Paka wa Mombasa hana mwenyewe, lakini huyo anayelala mlangoni pako ndiye wa kuangalia kwanza. Uliza ofisi ya mifugo dawa inayofaa kwa kila mnyama, kwa sababu dawa nyingine ya viroboto vya mbwa humuua paka.

11. Rudi siku ya saba. Hesabu tena. Duara la kalamu lenye gamba kavu limepona. Lenye kidoti kinachopwita linapakwa dawa upya. Doa jipya nje ya duara linakuambia sakafu bado. Kwa nyumba iliyoathirika, kagua miguu ya kila mtu kila jioni kwa wiki sita, hasa kabla ya kulala. Funza wa siku moja anatoka kirahisi kuliko wa wiki mbili.

Yasiyofanya kazi, na yanayodhuru

Mafuta ya taa, petroli, maji ya betri na dawa ya kuoshea mbuzi huchoma ngozi na kuingia mwilini. Mtoto mwenye vidonda hunyonya sumu haraka zaidi. Kuunguza kwa msumari wa moto ni mateso matupu. Wembe hukata mishipa. Vidonge vya ivermektini, ambavyo watu huniuliza sana, vilijaribiwa Brazil kwa kumeza na havikuwashinda funza.

Pia usimvunjie mtu heshima yake. Ukimtoa mtoto funza mbele ya wenzake wa madrasa, huenda kesho asirudi chuoni. Mpeleke nyuma ya nyumba, mwulize anaumwa wapi, mwache ashike tochi mwenyewe.

Mambo yakienda kombo

Mguu unauma zaidi siku ya pili baada ya dimetikoni. Uwekundu mdogo ni kawaida, maana funza anayekufa huleta uvimbe kidogo. Lakini uwekundu ukipanda juu ya kifundo, au ukiona mstari mwekundu unaelekea paja, au mtoki wa kinena umevimba, ni maambukizi na yanahitaji antibiotiki ya daktari.

Taya linakaza, au mgonjwa anashindwa kufungua mdomo na shingo inakuwa ngumu. Hiyo ni dalili ya pepopunda. Usingoje asubuhi. Tafuta gari, nenda hospitali kubwa moja kwa moja.

Kucha imelegea au imeng'oka. Acha ianguke yenyewe, weka safi na kavu. Mara nyingi huota tena ndani ya miezi kadhaa, ingawa huenda ikapinda.

Mtoto mmoja hujaa funza na nduguze hawana. Angalia anapolala na anapocheza. Mara nyingi ndiye anayelala pembeni mwa ukuta, au ndiye anayekaa chini ya mwembe uleule kila mchana. Pulizia hapo.

Umefanya yote na wapya wanaingia kila siku. Chanzo kiko nje ya mlango wako: uwanja, banda la mbuzi, darasa la sakafu ya mchanga, nyumba ya jirani. Hapo mwone mhudumu wa afya wa jamii wa mtaa wako, amlete afisa wa afya ya umma, nyumba zote za ua mmoja zipuliziwe siku moja. Wakati mnangoja, pakeni miguu mafuta ya nazi asubuhi na jioni. Brazil na Madagaska, mafuta yenye nazi na mshubiri yakipakwa mara mbili kwa siku yalipunguza sana funza wanaoingia.

Nyumba ni ya kupanga na mwenyewe hataki kupiga sakafu. Omba ruhusa ya pembe moja tu, ile wanayolala watoto. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, ndoo moja ya saruji kwa nne za mchanga wa kujengea, usiwe wa pwani wenye chumvi, unatosha mita 2 kwa 2 kwa unene wa sentimita 3. Mwagia maji siku saba isipasuke. Ikishindikana kabisa, tandaza turubai zito kutoka ukuta hadi ukuta, ulibane kingo kwa mawe, na uliinue kila Ijumaa kabla ya swala upate kufagia na kulowesha chini yake.